Pampu ya Kumrudisha Klaudia

Mzee Kagaruki wa Kamachumu alikuwa na Pijo 404, pikapu, aliyoinunua mwaka sitini na nane, kahawa ikiwa bado ina bei. Mpaka mwaka themanini, vita vimekwisha na rafu za maduka ya mjini zina vumbi tu, gari lile bado linatembea. Watu wanasema bahati. Bahati gani! Yule mzee alilala chini ya gari zaidi kuliko alivyolala kitandani. Boliti iliyoanguka njiani alirudi kuitafuta kwa miguu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba maiti. Kwetu Uhayani mtu anazikwa kwenye kibanja chake, ndani ya migomba, pamoja na waliomtangulia. Ukizikwa makaburi ya mjini watu wanasema huyo hakuwa na kwao. Sasa umefia Bukoba, kwenu Muleba, unarudije? Malori ya kahawa hayataki maiti. Mabasi hayataki. Ni Kagaruki. Watampa mkungu wa ndizi, watampa kipande cha sabuni, siku nyingine hawampi kitu, anakunywa lubisi, pombe ya ndizi, anaondoka.

Wenye magari mabovu walimfuata kila wiki.

"Mzee, tuuzie difu tu. Ng'ombe huyu hapa."

"Nyinyi ng'ombe mnamkata mguu huku anatembea?" anawajibu. Basi wanacheka, wanaondoka, wiki nyingine wanarudi.

Mwezi wa nne mke wake, Klaudia, alikuja Rwamishenye, Bukoba mjini, kumwona binti yao Jovitha aliyejifungua. Akashikwa homa. Siku ya tatu akafa. Mimi nilikuwa natengeneza magari jirani na kwa Jovitha, na kwetu ni Kamachumu hiyo hiyo, kwa hiyo nilikuwepo mzee alipofika na Pijo lake kumchukua mkewe. Nilimsikia kabla sijamwona. Gari linapiga kelele kama nguruwe anachinjwa. Nikafungua boneti: pampu ya maji imekufa. Beringi imesagika, mkanda wa feni umetoka, maji yote chini.

"Linafika?" akaniuliza.

"Mzee, hili halifiki hata Kyetema. Injini itaungua."

Akatazama mlango wa Jovitha. Ndani wanawake wanalia. Joto, mvua, na maiti haisubiri. Jovitha alishaambiwa na majirani kwamba kesho saa sita, gari liwepo lisiwepo, mama azikwe hapo mjini.

Pampu ya 404 nilijua iko wapi. Ilikuwa moja tu Bukoba nzima, kwa Ishengoma, Kibeta, karani mstaafu. Yeye naye ana 404, imekaa juu ya mawe miaka mitatu, injini imepasuka. Pampu aliinunua Kampala zamani, haijatoka kwenye boksi. Nikamwambia mzee, niache niende usiku nikaichukue, ukuta wa stoo yake ni wa udongo.

"Klaudia haendi nyumbani na kitu cha wizi," akasema.

Tukaenda kuomba. Ishengoma alitukaribisha vizuri, akatoa pole, akasema Klaudia alikuwa mama mwema. Halafu akalitoa boksi, akaliweka kwenye magoti yake.

"Mzee mwenzangu, mwaka jana nilikuja kwako. Nilikuomba injini, nikakuahidi ng'ombe wawili. Ulinijibu nini?"

"Nilikukatalia."

"Mbele ya watu. Wakanicheka." Akaligonga boksi kwa kidole. "Pampu chukua sasa hivi. Ukishazika, mimi nachukua injini na giaboksi."

Damu ikanipanda. "Injini kwa pampu? Wewe ni fisi! Redioni kila siku undugu, undugu, huo ndio ujamaa wako?"

"Ujamaa wa pampu haupo, kijana. Nenda kaitafute kwenye duka la kijiji."

Nikainuka nimpige. Kagaruki akanivuta shati.

"Mujuni, kaa chini." Kisha akamwambia Ishengoma kwa heshima, "Waitu, nimekubali. Lete."

Nilifunga pampu jioni ile ile. Gasketi hakuna, wala karatasi ngumu ya kukata gasketi. Tulizoea kukata lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, unakichovya kwenye oili, kinashika maji vizuri. Ila lubugo uliokuwepo pale ni mmoja tu, ule walioleta kumvika marehemu. Kagaruki aliona nasitasita, akaingia ndani, akatoka na pembe ya lubugo ule na wembe.

"Kata. Hatapungukiwa."

Asubuhi tukaondoka. Milima yote gari lilipanda, maji hayakutoka hata tone. Saa nane Klaudia alikuwa kwenye migomba yake, karibu na mama mkwe wake.

Siku ya tatu Ishengoma akaja. Na unajua alikuja na nini? Lori la kahawa! Lori lile lile lisilobeba maiti, injini linabeba. Nilimwambia mzee, vunja ahadi, huyu atakufanya nini?

"Nimesema," akajibu. "Leta spana."

Nikafungua mwenyewe. Yeye amesimama kando ananielekeza: hiyo kaza kwanza ndiyo ilegee, usiharibu nyuzi. Wanaume sita wakaiinua injini kwa miti. Ishengoma akashukuru, akapanda lori.

Wiki haijaisha, Josia wa kijiji cha chini anakuja mbio, jasho tupu.

"Tata Kagaruki, mama yetu amefia Bukoba. Twende."

Mzee akamshika mkono. Akampeleka kwenye gari, akafungua boneti. Josia akachungulia lile shimo.

"Wako ulimleta," akasema.

"Nilimleta."

Josia akaondoka kwa miguu. Alipofika Bukoba, mama yake alishazikwa mjini.

Tulikwenda kuwapa pole, mimi na mzee. Tukakaa kwenye nyasi walizotandika ndani. Kwetu mgeni hata wa msiba anapewa kahawa ya kutafuna, punje mbili tatu, ndiyo kumwambia karibu. Dada wa Josia akapitisha kikapu. Kikaja kwangu. Kilipofika kwa Kagaruki, akampita, akampa aliyefuata. Watu wote waliona. Nikazitema zangu, nikaanza kuinuka niwaulize ni wangapi aliwabebea bure katika nyumba hiyo.

Mzee akanikamata mkono.

"Acha," akasema polepole. "Mama yao amebaki mjini."