Bega la Mpigaji

Nikisikia harufu ya glavu zilizolowa, narudi kwenye uwanja wa hoki ya barafuni huko Buffalo, Marekani, nikiwa msichana mdogo golini, nimefumba macho kwa woga. Baba, aliyewahi kuwa kipa wa timu ya soka ya kambi ya wakimbizi Tanzania, alinisogelea wakati wa mapumziko.

"Usikifuate kwa macho kile kisahani cheusi wanachokipiga, mwanangu. Tazama bega la mpigaji. Litakuambia kabla ya fimbo."

Mchezo ukaendelea. Ukungu mweupe ulielea juu ya barafu. Msichana mmoja akaja mbio, akainua fimbo; bega lake likainama kidogo, na mguu wangu ukatangulia upande huo kabla sijafikiri. Kisahani kikanigonga gotini, kikatulia.

Niligeuka. Nyuma ya kioo kinachozunguka uwanja, Baba naye alikuwa amejitupa sakafuni upande uleule, mikono ameinyoosha.