Chupa ya Gari Namba Saba

"Injinia, ukipima damu yangu ukakuta naumwa, utaniambia nikapumzike. Ukipima oili ukakuta gari linaumwa, nani atalipumzisha?"

Swali hilo niliulizwa siku yangu ya kwanza kazini, kwenye yadi ya malori pale Ilomba, Mbeya. Aliyeuliza ni Baba Tumaini, dereva wa gari namba saba, mtu wa Kihesa, Iringa, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu. Nikamjibu, "Ofisi." Alicheka mpaka akaegemea tairi.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii. Mtashangaa kusoma kumbukumbu za mstaafu mwenye umri wa miaka thelathini na moja. Lakini nilistaafu kweli, ila hakuna aliyenifanyia sherehe.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Gari likirudi safari, kabla injini haijapoa, unaingiza mpira mwembamba kwenye tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unavuta oili kwa pampu ya mkono, unajaza kichupa na kuandika namba ya gari. Vichupa hupelekwa kwa basi hadi maabara, Dar es Salaam. Chuma kikizidi ndani ya oili, kuna kitu kinasagika. Shaba ikipanda, beringi zinalika. Silikoni ikipanda, hilo ni vumbi: injini inavuta hewa isiyochujwa. Jibu moja halikwambii mengi. Unalilinganisha na lililopita, na la kabla ya hapo.

Mkuu wa Karakana alikuwa mzee aliyetambua injini kwa sikio. "Mwanangu, wewe pima, mimi nitafungua," aliniambia. Ndiye aliyeweka utaratibu kwamba magari yakirudi mengi, kila dereva achote chupa yake mwenyewe. Mimi nilihoji kila kitu katika yadi ile, hata kwa nini ufunguo wa choo cha wanawake unakaa kwa mlinzi. Utaratibu huo sikuuhoji. Uliniepusha kuinamia injini za moto.

Mwaka wa tatu walinihamishia Iringa, kwenye malori yanayobeba karatasi kutoka Mgololo. Namba saba nalo lilihamishiwa huko, na Baba Tumaini akafurahi kulala nyumbani kwake. Miezi michache baadaye silikoni ya namba saba ikapanda. Jibu la pili, chuma. La tatu, shaba. Nikamwandikia Meneja wa Safari: gari lisimame. Nikamwambia na Baba Tumaini.

"Lisimame siku ngapi?"

"Mpaka ofisi iamue."

"Na mimi nisimame nalo?"

Dereva asiye na safari hana posho, na magari ya ziada hayakuwepo.

Meneja naye alinisomea kwa sauti barua yangu mwenyewe, kisha akaikunja. "Gari linapanda mlima Kitonga na mzigo, halitoi moshi, halipigi kelele. Ugonjwa gani huo unaoonekana Dar tu?" Mwishowe akakubali jambo moja: chupa moja zaidi. Ikija mbaya, gari lisimame. Siku hiyo magari yalirudi mengi, kila dereva akachota yake.

Ikaja safi.

"Chupa imepona!" Meneja alitangaza ofisi nzima. "Injinia, uliipa dawa gani? Mimi nina mgongo."

Walicheka, nami nikacheka. Nikajiambia labda majibu ya mwanzo yalikuwa na kasoro, labda oili mpya imeshusha namba. Kwa mtu anayejisifu kwa kuhoji, nilijiridhisha haraka sana. Nikasaini: gari liendelee.

Wiki tatu baadaye injini ya namba saba ilinoki, ikajifunga na kuzimika katikati ya mlima Kitonga, mzigo ukiwa mgongoni. Baba Tumaini alilishikilia gari kwa breki mpaka wenzake wakaweka mawe kwenye matairi. Mkuu wa Karakana aliitwa kutoka Mbeya, akafungua, akanionyesha hozi ya filta ya hewa, mpira unaopeleka hewa kwenye injini. Ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, kingo zake zimejaa vumbi lililogandamana.

"Hozi tu," alisema. "Mbona uliandika lisimame? Ungeniandikia mimi kwamba linavuta vumbi, ningeibadilisha kabla chai haijapoa."

Kwenye kikao Meneja aliinua karatasi yenye saini yangu. "Wiki tatu zilizopita oili ilikuwa safi. Basi hozi imepasuka juzi, na dereva hakukagua."

Nilisimama. Nikasema kuna majibu matatu ya kabla ya hilo.

"Yalifutwa na la nne. Nani alilisaini?"

Baba Tumaini aliulizwa kama ana la kusema. Alinitazama. "Sina," akasema. Walimwachisha kazi siku hiyohiyo, baada ya miaka kumi na tisa ya usukani. Mwezi uleule nami niliandika barua ya kuacha kazi, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, choteni chupa zenu wenyewe. Na mkiandika ripoti, mpelekeeni pia mwenye spana, na mwandike ni kitu gani akakague. Mimi niliandika kama mtu anayetaka kushinda ubishi.

Mwaka jana nilikwenda Kihesa kumwomba radhi. Nilimkuta anapalilia mahindi nyuma ya nyumba, na lile sweta bado analo.

"Kamwene, injinia," alinisalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, baba. Nimekuja kwa ajili ya ile saini."

Akasimamisha jembe. "Saini yako haina kosa. Ulisaini oili safi, na ilikuwa safi."

"Isingeweza kuwa safi, baba. Hozi ilikuwa imepasuka zamani."

"Wewe uliniambia gari litasimama. Hukuniambia litapona." Akatazama mahindi yake, si mimi. "Chupa ile niliichota kwenye gari namba kumi na moja."