Kadi Mbili za Mapasa

Nianze na ukali wangu, maana Panda nzima, mtaa wetu hapa Likasi, inaujua. Ukiniambia siku hizi kadi hazina kazi kwa sababu kuna simu, nitakutoa nyumbani kwangu kabla hujamaliza chai. Simu inatuma ua lilelile kwa watu mia. Kadi yangu nimeikata, nimeigonga muhuri, nimeibandika kwa mikono hii, na wino wake unakaa chini ya kucha zangu mpaka Jumapili. Hata padri akinipa komunyo huutazama.

Mihuri naichonga mwenyewe kwenye soli za sapatu, hizi ndala za plastiki tunazovaa nyumbani. Kisigino kikishaisha, katikati panabaki pazima, tena laini kwa wembe. Nachonga ua, ndege, kikombe, mkono ulioshika mkono, halafu nabandika soli juu ya kipande cha ubao ili nipate mahali pa kushika. Wino wa zambarau na mwekundu naununua kwa wauza vifaa vya ofisi. Wa kijani natengeneza mwenyewe: nasaga malakiti, lile jiwe la kijani ambalo huku kwetu hata watoto hulichezea, nachuja unga wake kwa soksi ya zamani, nachanganya na gundi nyeupe. Pembeni naweka waya wa shaba mwembamba niliouchomoa kwenye mota iliyoungua. Naukunja mpaka unakuwa ua. Mume wangu anashinda na shaba kiwandani, na akiikuta tena mezani husema, "Aka! Hata hapa imenifuata."

Kazi ninayoiogopa ni kadi za mapasa. Mapasa ni mapacha, na kwetu ukimpa mmoja kitu umempa na mwenzake, kilekile, siku ileile. Nguo mbili, biskuti mbili. Hata ukimtania mmoja, mgeukie na wa pili umtanie, asije akakasirika. Nilipoanza kazi hii, mama mmoja alijifungua mapasa, nami nikampelekea kadi moja kubwa, nzuri, yenye ndege wawili. Bibi ya watoto aliishika kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza. "Sasa hii," akaniuliza, "watagawana na makasi?" Wanawake wote waliokuwa pale walicheka. Nilirudi nyumbani nimefura, lakini haki ilikuwa yake.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu. Kadi za mapasa nazitengeneza juu ya karatasi moja ngumu, ile ya bristoli, bila kuikata. Nagonga ndege upande huu, nagonga upande ule kwa wino uleule kabla haujakauka. Naweka shaba huku, naweka kule. Makasi yanakuja mwisho kabisa. Hapo hakuna mtoto atakayekuja kudai kwamba ndege wa mwenzake ni mzuri zaidi.

Mdogo wangu alipozaa mapasa, wasichana wawili, mimi yaya wake, dada mkubwa, sikungoja kuagizwa. Niliwafanyia kadi mbili ambazo mpaka leo sijafanya nzuri kuzipita. Alizitundika juu ya kitanda, huko Kamatanda anakoishi na mume wake mchimbaji, na kila mgeni alilazimishwa kuzitazama. "Yaya yangu huyu," alikuwa akisema. "Mdomo wake mbaya, mikono yake mizuri."

Mmoja wa wale watoto alikufa akiwa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Homa ya siku tatu. Nasema kwa ufupi kwa sababu namna ndefu ya kulisema jambo hili sinayo.

Kwetu mtoto wa mapasa haliliwi. Wazee wanasema amerudi tu alikotoka, na ukimlilia, mwenzake atasikia amfuate. Mdogo wangu alipofungua kinywa apige yowe, mama yetu alinitazama mimi, mkubwa wa nyumba, na nikafanya nilichofundishwa. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu. Niliyasikia meno yake. Nilimshika hivyo mpaka akanyamaza, na mama akaitikia kwa kichwa kwamba nimefanya vema.

Kanisani kwake, kwa watu wa maombi, walimwambia asitazame nyuma. Basi mila ikafunga upande mmoja na maombi yakafunga wa pili. Jina la yule mtoto halikutamkwa tena. Ile kadi yake ilitolewa ukutani, na ya mwenzake ikatolewa pamoja nayo. Mdogo wangu akaendelea kuuza sokoni samaki wadogo wakavu wa ziwa Tshangalele, akacheka na wateja, na hakulia hata siku moja. Na kwangu akawa mtu wa heshima. Heshima mno! "Yaya, karibu. Yaya, keti. Yaya, maji." Zamani alikuwa akiniona mlangoni anapiga kelele kwamba vita imefika. Mimi nilitaka anitukane kidogo, kama zamani, na hakunitukana. Alikuwa amekaa mbele yangu na nilikuwa nimempoteza. Miaka mitano nilienda pale na kurudi nikijua hivyo.

Na miaka hiyo yote sikumfanyia kadi yule msichana aliyebaki. Kila siku yake ya kuzaliwa nilipeleka gauni, au viatu, au kidoli. Watu walinisifu kwa ukarimu. Ulikuwa woga, basi.

Mwaka huu mtoto mwenyewe ndiye aliyenishika. Alikuwa anakwenda kutimiza miaka sita, meno mawili ya mbele yameng'oka, na alikuwa ameona kadi yangu kwa jirani. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Mama mukubwa, weye unafanyiaka bantu bote karte. Minye, bado?"

Nilitazama upande wa mdogo wangu. Alikuwa anachambua samaki na hakuinua kichwa.

"Nitakufanyia," nikasema. Ningesema nini?

Nyumbani niliweka karatasi mezani na nikakaa mbele yake kama mtu aliyeitwa na hakimu. Nikifanya mbili, nitampasua mdogo wangu moyo mbele ya wageni. Tena mama atakuwepo, naye atasema nakiita kifo kwa jina lake. Nikifanya moja, hakuna atakayeumia. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Nikachukua makasi nikaikata karatasi katikati kabla sijagonga hata muhuri mmoja, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mapasa, na nikafanya kadi moja. Nikagonga ndege wa zambarau, nikampaka bawa la malakiti, nikamzungushia maua matatu ya shaba. Kingo nilizitoboa kwa sindano, tundu kwa tundu, zikawa kama lesi. Ilikuwa kadi nzuri sana na sikuipenda.

Mume wangu aliiona ile nusu nyeupe iliyobaki. "Na hii ni ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Kula bukari yako, inapoa."

Akamega ugali wake, akala. Mume wangu si mjinga, na aliiacha ile nusu pale ilipokuwa.

Siku ya sikukuu ilikuwa Jumamosi. Tulifika Kamatanda mapema, jua likiwa bado kali. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa uani, soda ziko ndani ya beseni la maji, na mdogo wangu anakaanga vitumbula, maandazi yetu ya duara, kwenye mbabula, jiko la makaa, nyuma ya nyumba. Mama yetu alikaa kwenye kiti kizuri na kutoa amri kwa kila mtu. Mtoto akafungua bahasha, akaona, akapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akaitika. Akaizungusha kwa wageni wote. Kila mmoja akasema "Eee!" na mimi nikajaza kifua, kwa nini niseme uongo.

Mwisho akaipeleka kwa mama yake. Mdogo wangu alijifuta mafuta kwenye kitenge, akaipokea, akaitazama mbele na nyuma. Halafu akaomba na bahasha. Akaitia vidole ndani. Akaigeuza chini, akaikung'uta.

Hakuna kilichoanguka.

Akanitazama mimi, akaingia ndani. Nikamfuata, kwa sababu niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali.

"Sasa ni nini?" nikamwambia. "Mutoto amefurahi, weye unakunja sura!"

"Ingine iko wapi, Yaya?"

"Ingine gani?"

"Yaya." Alisema taratibu, kama anavyowaambia wateja bei ya mwisho. "Bantu bote ba Likasi bakizala mapasa, weye unabafanyia mbili. Hata bale haujui majina yabo. Minye nilizala bangapi?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nina maneno siku zote. Nikaanza kusema nilitaka kumchunga, wageni ni wengi, mama yuko pale nje, na yeye akanikata.

"Siku ile ulinifunga kinywa na mukono. Leo unanifunga na karatasi. Nilizala bangapi?"

"Wawili," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitano neno hilo kutoka kinywani mwangu ndani ya nyumba ile. Aibu ilinishika, si ile ya kuchekwa na bibi ya watu, ila aibu ya kweli. Nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikosa siku ile, na leo nimekosa tena, tena leo nilikuwa najua." Alirudi kwenye vitumbula vyake kwa kuwa vilikuwa vinaungua.

Nilitoka bila kuaga, nikapanda pikipiki mpaka Panda. Ile nusu ya karatasi ilikuwa pale mezani. Nusu moja tu, hakuna nafasi ya kukosea. Nikagonga kwanza juu ya gazeti, mara nne, mara tano, mpaka ndege akatoka safi, ndipo nikagonga penyewe. Ndege yuleyule, zambarau ileile. Malakiti niliyoisaga kwa ya kwanza ilibaki kidogo kwenye kifuniko cha kopo. Ilitosha bawa, sikuhitaji kusaga nyingine. Maua matatu ya shaba. Matundu ya sindano niliyahesabu kwa kichwa ili yafanane. Nikaitoa nje ikauke juani, nikasimama kando yake kufukuza kuku.

Kisha ikabidi niandike jina. Nilidhani labda limenitoka. Halikunitoka. Niliandika jina la mtoto wa mdogo wangu, polepole, na machozi yakanishuka, nikarudi nyuma haraka yasije yakaharibu wino.

Niliporudi Kamatanda, wageni walikuwa wanaondoka na wanawake wawili wa jirani walikuwa wanaosha sahani. Nilimkuta mdogo wangu ameketi kwenye mkeka na mtoto wake. Nikampa bahasha kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akaifungua. Akailinganisha na ile nyingine, ndege kwa ndege, ua kwa ua, tundu kwa tundu, kama mnunuzi mgumu. Akaifunua ndani na midomo yake ikasoma lile jina bila sauti.

Halafu akalisoma kwa sauti. Halafu akaliita. Aliliita kama unavyomwita mtoto aliye mbali barabarani, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu aliyekaa. Kilitoka chini kabisa. Wale wa sahani waliacha maji, wakaja mlangoni.

Mama yetu aliinuka kwenye kiti chake. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nataka nimtendee haki: haukuwa uso wa hasira, ulikuwa wa bibi anayeogopa. "Munyamazishe!" akaniambia. "Weye mukubwa, munyamazishe! Unataka na huyu mwingine aende?"

Sikusogea. Nilimtazama yule msichana. Alikuwa amekaa ubavuni kwa mama yake, ndege wawili juu ya mapaja yake, kitumbula mkononi, na mashavu yote mawili yamejaa. Kwa mkono ulio wazi alikuwa anampapasa mama yake mgongo, bila haraka, huku anatafuna.

"Mama," nikasema, "huyu anakula. Haendi popote. Muache mwenzangu alie."

Mama akashuka kwenye mkeka, magoti yakimsumbua, akakaa upande wa pili wa binti yake. Sikujua atafanya nini. Akaiokota ile kadi, akaiweka karibu na macho kwa kuwa haoni vizuri, akalitafuta jina la mjukuu wake kwa kidole mpaka akalipata, naye akaliita.