Miaka Ishirini na Mbili ya Alto

Wanjugu alijiunga na kwaya ya kanisa lao huko Kangemi akiwa na miaka ishirini na mmoja, na siku hiyohiyo Mwalimu Waithaka akampangia mahali pake duniani. Alimwimbisha ngazi, do hadi do, kisha akamwimbisha tena huku yeye akiimba noti nyingine pembeni ili ampoteze. Wanjugu hakupotea. Mwalimu akacheka, akamwonyesha benchi la kushoto.

"Wewe uko na masikio," alimwambia. "Wenye masikio wanaenda alto. Hao wengine wacha waimbe wimbo."

Ilikuwa sifa, naye aliipokea kama sifa. Ilimchukua miaka kutambua kwamba siku ile pia alikuwa amenyimwa kitu. Soprano ndio wenye wimbo, ule ambao watu hutoka nao kanisani na kuendelea kuuimba wakimenya viazi vya mchana. Alto, sauti ya pili iliyo chini yao, ni kile kinachoujaza wimbo kutoka ndani. Kikikosekana watu husema leo kwaya haikuwa sawa, na kikiwepo hakuna anayekisikia. Waumini walikuwa wakimshika mkono baada ya ibada na kumwambia, "Mmeimba vizuri." Mmeimba. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Umeimba."

Siku za kazi alikuwa Ngara, katika duka la jumla la vifungo, zipu na nyuzi, akiwahudumia mafundi wa nguo. Mwenye duka, Zainab, mjane aliyekuja kutoka Mombasa akiwa bibi harusi, alimzoea kwa sauti kabla ya kumzoea kwa tabia. Wanjugu akipanga vifungo kwenye masanduku alikuwa akiimba bila kujijua.

"Nyimbo zako hazina kichwa wala miguu," Zainab alimwambia siku moja. "Lakini hiyo sauti, mwenzangu, mtu ataka kujifunika nayo kama shuka."

Wanjugu aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani, akalala nayo. Kwa hiyo Zainab alipokuja na simu mkononi na kumwonyesha tangazo la mashindano ya kuimba ya runinga, yanayoitwa Zamu Yako, yasiyo na kikomo cha umri msimu huu, hakukataa kwa nguvu.

"Watanicheka."

"Wakucheke mara ngapi? Jumamosi ya usaili sikutaki dukani. Nishakuandikisha."

Hakutaka umaarufu, wala hakuwa ameipigia hesabu zawadi ya mshindi. Alitaka kusikika akiwa peke yake, mara moja tu, na mtu asiyemjua aulize sauti ile ni ya nani. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na hamu hiyo ilikuwa imekaa naye muda mrefu hivi kwamba aliiona kama sehemu ya mwili, kitu kama goti linalouma wakati wa baridi.

Wimbo haukumsumbua kuchagua. Mwalimu Waithaka alikuwa ametunga mmoja kwa sherehe ya miaka hamsini ya kanisa, wimbo wa watu wanaongojea mapambazuko langoni, na Wanjugu aliujua kuliko alivyoijua njia ya kwenda kazini. Wiki mbili alifanya mazoezi kichwani, dukani na kitandani, midomo imefungwa, asije akawasumbua majirani.

Usaili ulifanyika katika ukumbi mmoja Kilimani, kati ya majengo marefu ya vioo. Saa moja asubuhi foleni ilikuwa imeshazunguka kona. Vijana walikuwa wakipasha koo, wengine wamebeba magitaa, wengine wakijirekodi. Msichana mwenye rasta za zambarau, aliyejitambulisha kuwa Jackie, alimtazama Wanjugu na sketi yake ya kwaya.

"Mathe, umesindikiza mtoto?"

"Nimejisindikiza."

"Aki woyee! Basi leo tumeisha," Jackie alisema akicheka, akamsogezea nusu ya kiti chake cha plastiki.

Kabla ya kuingia, kijana wa kike mwenye kadi shingoni alipita akiandika habari za kila mtu. Alimbandikia Wanjugu namba mia nne na kumi na mbili kifuani, akamuuliza hadithi yake ni ipi.

"Hadithi?"

"Umepitia nini, mum. Umefiwa? Uko na mgonjwa? Watu wa runinga wanapenda kujua."

Wanjugu alifikiri kwa bidii, maana hakutaka kumwangusha. "Hapana. Wote wako wazima."

Yule binti aliandika neno moja fupi, akahamia kwa Jackie.

Ilipokuwa karibu saa tisa ndipo namba yake ilipoitwa. Chumba kilikuwa na taa kali na kamera tatu, na nyuma ya meza walikaa waamuzi wawili: Anita, mwimbaji wa injili mwenye kucha ndefu, na Kitavi, mwalimu wa muziki wa chuo, mtu mzima mwenye miwani iliyoteremka puani. Walimuuliza jina, akasema. Walimwambia aimbe bila ala, dakika moja na nusu.

Wanjugu alijipa noti, akaanza.

Alianza vizuri. Sauti ilitoka nzito na safi, haikutetemeka. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili, kisha akanyamaza. Kidole chake kilipiga taratibu kwenye paja: moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Anita alimtazama Kitavi. Mtu wa kamera akainua kichwa. Wanjugu akavuta pumzi mahali pake kabisa, akaingia tena.

"Samahani, mama," Anita alimkatiza kwa upole. "Umesahau maneno?"

"Hapana."

"Mbona umenyamaza?"

"Hapo ni wao wanaimba."

"Nani?"

Wanjugu alitazama upande wake wa kulia, mahali soprano hukaa. Palikuwa na stendi ya taa.

Kitavi hakucheka. Alivua miwani. "Uko alto," alisema.

"Miaka ishirini na mbili."

"Nilidhani hivyo. Sasa niimbie wimbo wenyewe. Ule soprano wanaimba."

Aliujua, bila shaka. Alikuwa ameusikia mara mia, nusu mita kutoka sikioni mwake. Akaanza juu, akaimba maneno matano, na la sita likashuka lenyewe, likaenda kukaa chini ya wimbo usiokuwepo. Akasimama. Kitavi akamwashiria ajaribu tena. Mara hii alifika maneno manane. Koo lilikuwa linajua njia moja tu.

"Sikio kama hilo silipati hata chuoni," Kitavi alimwambia hatimaye. "Nasema kweli, sikupi pole. Lakini hapa tunatafuta mtu anayeweza kusimama bila wengine. Leo ni hapana."

Alishukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru. Nje alimkuta Jackie akipiga kelele na karatasi ya kupita mkononi, akamkumbatia, na kwa kweli alimfurahia.

Jumatatu Zainab hakumngoja hata afungue mkoba. "Wasemaje?"

"Wamekataa."

"Basi hawana masikio."

"Wanayo, Zainab. Hao ndio watu wa kwanza kunisikia."

Zainab akaenda kuchemsha chai.

Alhamisi jioni ilikuwa siku ya mazoezi. Wanjugu alimkuta Mwalimu Waithaka peke yake akipanga vitabu, mgongo umepinda siku hizi.

"Mwalimu, nataka kuimba soprano."

"Wewe? Pasaka imebaki wiki tatu. Alto wako wanne, na hao watatu wanakuegemea wewe."

"Najua."

"Na sauti yako ni ya chini, mama. Huko juu utakwaruza."

"Wacha nikwaruze."

Mzee akarudia vitabu vyake. Wengine waliingia na kelele zao. Wanjugu alipita benchi la kushoto, akawaomba soprano wasonge, akakaa mwisho kabisa. Joyline, aliyekuwa ameimba pembeni yake miaka kumi na mmoja, alimkodolea macho kutoka ng'ambo.

"Umeingia choo isiyo yako!" mtu wa besi alisema, na watu wakacheka.

Mwalimu alitoa noti. Wakaanza. Wanjugu aliushika wimbo kwa meno. Juu alikwaruza kama alivyoambiwa, na kila mwisho wa mstari koo lake lilitaka kuteremka, akalizuia. Kisha akasikia jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Kutoka upande wa kushoto, Joyline na wenzake walikuwa wakipapasa, wakiishika noti na kuiachia, na chini ya wimbo palikuwa na nafasi wazi iliyomtosha yeye. Hakuwahi kuisikia nafasi hiyo. Asingeweza kuisikia akiwa ndani yake. Ilimvuta kwa uchungu kiasi kwamba macho yalimlowa.

Mwalimu aliwasimamisha. Aliwatazama alto, akamtazama Wanjugu.

"Rudi," alisema kwa sauti ndogo. Haikujulikana kama ni kumwomba au kumwamuru.

"Bado, Mwalimu," Wanjugu alisema. "Niache nifike mwisho wa wimbo."

Mzee alishusha pumzi, akageukia alto. "Joyline, shika noti yako. Hakuna wa kukushikia." Akainua mikono. "Kutoka mwanzo."