Miche ya Kupima Baridi

Mwanzoni mwa Septemba, majira ya baridi yakielekea kuisha, ibada ilipomalizika hapa mtaani kwetu Troyeville, mama mmoja Mkongo alisimama mlangoni akitugawia miche ya nyanya, huku akimkumbatia kila anayepokea.

"Bustani ni kugawana, wapendwa. Mupande leo leo!"

Tukapanda. Katikati ya wiki baridi kali ikarudi, na asubuhi miche yetu yote ilikuwa imelala chini, myeusi.

Jumapili mimi na jirani yangu tukapita kwake. Miche yake ilikuwa dirishani, ndani ya makopo, kijani kabisa.

"Eish, mama, mbona ya kwako haikuungua?" jirani aliuliza.

Mama akapangusa jani moja kwa kidole, taratibu.

"Sijaitoa nje bado. Nilitaka kwanza nione kwenu kama baridi imeisha."

Wengine husikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Yeye ana kanisa zima.