Taa Arobaini na Gemu ya Usenge

Jambo hili lilinigharimu shilingi elfu sita na mia mbili. Nimehesabu mara mbili. Elfu tatu na mia saba zilitoka mkobani mwangu, na elfu mbili na mia tano ni bei niliyonunulia gemu mpya ambayo ilibidi niitupe kwa mia tatu tu, nazo hizo mia tatu hazikulala kwangu. Nakutajia hesabu mapema ili ujue sina sababu ya kukudanganya. Mtu hudanganya apate faida. Mimi nimekula hasara, na bado nakusimulia.

Nina kibanda cha vifaa vya simu karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Chaja, vioo, vifuniko. Lakini kinacholipa kodi siku hizi ni gemu za mkononi, zile za zamani ambazo viwanda vimezitoa upya. Umbo lile lile, rangi ile ile ya kijivu, vitufe vile vile, na kwenye boksi wameandika kwamba ndani kuna gemu mia nne. Usifurahi haraka. Nilikaa jioni moja nikazihesabu. Ni tisini, zimerudiwa kwa majina mengine.

Wanunuzi wangu si watoto. Watoto wana simu za mama zao. Wanunuzi ni wanaume wenye vitambi na funguo za gari. Anakuja amekunja uso, anasema anamnunulia mwanawe. Anaishika. Mabega yanashuka, vidole gumba vinatafuta njia vyenyewe, mdomo unabaki wazi kidogo. Hapo ndipo nampandishia bei.

Nilikuwa nikiwacheka. Kisha siku moja katika mzigo wa mitumba nikapata ya zamani kweli, si ya kuigizwa. Mgongo wake umelainishwa na viganja vya mtu nisiyemjua, na kitufe cha kulia kimelika upande mmoja. Niliishika, na vidole gumba vyangu vikaanza kutafuta njia vyenyewe. Zile mpya zinacheza vizuri tu, lakini hakuna aliyewahi kuchapwa kwa kuficha mojawapo chini ya mto. Tangu siku hiyo nakusanya zangu. Ziko kwenye kabati la kioo nyumbani, na hizo siuzi.

Sasa, ndugu yangu mdogo Otieno huvua omena kule Usenge. Mwezi mmoja alinipigia simu.

"Dada, kuna mama hapa ufuoni ana ile gemu yako ya matofali. Ya zamani kabisa. Anasema anauza."

"Bei gani?"

"Sijauliza. Huyo mama hatumuulizagi maneno mengi."

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nilifunga kibanda.

Nilifika jua likizama. Otieno alikuwa ameshaingia ziwani na wenzake, kwa sababu omena huvuliwa siku ambazo mwezi haupo. Wanaelea na taa, wale samaki wadogo wanafuata mwanga, wavu unawazunguka. Nikasimama ufuoni kuangalia taa zikiwashwa. Kama hujawahi kuziona, sijui nikuambieje. Moja, kisha tatu, kisha ziwa lote. Utaapa kuna mji kule ng'ambo, mji ambao mchana haukuwepo. Nilizihesabu, kwa sababu mimi hata ngazi za benki huzihesabu. Taa arobaini. Nikarudia. Arobaini. Moja ilikuwa ya Otieno, lakini ipi, nani angejua?

Wanawake walikuwa wakikusanya omena kutoka kwenye nyavu za kuanikia, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Yule mama alikaa pembeni juu ya karai lililopinduliwa. Sote tulikuwa tumelowa. Leso yake ilikuwa kavu. Nililiona hilo, nikaliweka kando. Nilikuja kwa biashara.

"Wewe ndiye nyar Kisumu," akasema. Binti wa Kisumu. Sikuwa nimejitambulisha.

"Ndiye mimi, Mama. Naweza kuona mzigo?"

Akaitoa chini ya leso. Ilikuwa gemu ya matofali, nzito kuliko zote nilizowahi kushika, nembo imefutika kabisa. Niliigeuza. Kifuniko cha betri hakipo. Betri zenyewe hazipo. Niliingiza kidole kuhakikisha, nikakiingiza tena. Lakini kioo kilikuwa kinawaka, mwanga wa kijani hafifu kama magamba ya samaki chini ya tochi, na badala ya matofali yanayoanguka kulikuwa na vitone vidogo vimetawanyika, vikiyumba polepole. Mdomo wangu umefunzwa. Nikajiambia: kifaa kina kasoro, na kasoro hupunguza bei.

"Pesa ngapi, Mama?"

"Elfu nne."

"Elfu nne! Mama, haina hata betri. Hii ni sabuni imewekwa kioo."

Hakucheka. "Sikuipanga mimi hiyo bei, nyathina, mwanangu. Inaenda na idadi yao."

"Idadi ya nani?"

Akatazama ziwa. Nikachukulia ni mbinu. Nami nina mbinu zangu: hutaja nusu, kisha hutazama pembeni kama mtu anayekumbuka safari.

"Elfu mbili," nikasema.

"Unasema elfu mbili?"

"Elfu mbili."

"Sawa. Umesema wewe."

Sasa wewe niambie. Muuzaji akikubali nusu bila kulalamika, si ina maana umetaja nyingi? Nilihisi nimeibiwa. Nikarudi tena.

"Ngoja, Mama. Nimekumbuka nauli. Elfu moja na mia tano."

Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitia baridi, si manyunyu. "Sawa. Umesema wewe."

Wakati huohuo mwanamke mmoja aliyekuwa akikusanya omena, Atieno, akapiga yowe. "Yawa! Taa zinaenda wapi?"

Niligeuka. Ule mji juu ya maji ulikuwa umekatika. Vipande vizima vya giza vilikaa mahali palipokuwa na mwanga. Nilihesabu taa zilizobaki. Kumi na tano. Nikahesabu tena. Kumi na tano. Nikatazama kioo cha gemu mkononi mwangu. Vitone kumi na tano.

Niamini ninapokuambia kwamba hesabu ilinijia kabla ya hofu. Mia moja, taa moja. Mimi ndiye niliyezizima, kwa mdomo wangu, nikiwa najiona mjanja.

"Elfu nne!" nikapiga kelele. "Mama, elfu nne! Nimekubali!"

Ziwa halikubadilika.

"Maneno hupunguza tu, nyar Kisumu," akasema taratibu. "Kurudisha ni mkononi."

Nikafungua mkoba. Nilimpa elfu moja na mia tano, pesa za zile kumi na tano zilizobaki. Halafu noti ya mia moja. Kiganja chake kilipoifunga, mbali kule, upande wa kushoto, taa moja ikawaka. Juu ya kioo, kitone kimoja kikajitokeza, kikayumba.

Sijui nikuelezeje nilichohisi. Ningependa kusema ni hofu, lakini haikuwa hofu. Nimeuza na kununua tangu nikiwa na miaka kumi na tatu, na sijawahi kuona pesa ikifanya kazi namna ile. Unatoa noti chafu iliyokunjwakunjwa, na watu wanne ndani ya mtumbwi wanarudishiwa usiku wao. Nikatoa nyingine. Taa. Nyingine. Taa. Wanawake waliacha omena, wakaja wakasimama nyuma yangu. Kila noti ikifika kiganjani, mtu nyuma yangu alivuta pumzi. Mji ulikuwa unarudi nyumba moja moja, na ulikuwa mzuri kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilijua kila dirisha limegharimu nini.

Kisha mkoba ukaisha.

Nilikuwa nimetoa elfu tatu na mia saba, nauli ikiwemo. Taa thelathini na saba. Tatu bado giza.

"Nitume kwa simu, Mama?"

"Simu sina."

Sikufichi nilichofikiria. Uwezekano wa Otieno kuwa kwenye zile thelathini na saba ulikuwa mkubwa. Mfanyabiashara yeyote angekubali. Hilo wazo lilikaa nami kwa muda wa pumzi moja, na nikaona lilivyo. Sikujua taa yake ni ipi. Kwa hiyo zote zilikuwa zake. Na wale wengine nao wana dada.

Ndani ya begi nilikuwa na gemu moja mpya, ndani ya boksi lake, niliyobeba kumwonyesha mteja wa Bondo njiani nikirudi. Niliitoa nikamgeukia Atieno.

"Dada, nipe mia tatu, uchukue hii."

Mazoea ni kitu kibaya. Huku machozi yanamtoka, akalitazama boksi. "Mia tatu? Hiyo kitu? Mia mbili."

"Mume wako yuko ziwani?"

"Yuko."

"Basi lipa!"

Akafungua fundo la leso kwa meno. Noti tatu. Nikaziweka kiganjani mwa yule mama, moja, mbili, tatu, na ziwa likajibu mara tatu. Nikahesabu. Arobaini. Nikarudia. Arobaini.

Yule mama alikunja pesa, akasimama. "Sasa ni yako," akasema. "Mimi nimechoka. Nitalala." Akapita katikati ya wanawake, wakamwamkia kwa heshima, akaitikia kila mmoja kwa jina, akapanda njia ya kwenda sokoni. Hakutoweka hewani. Alitembea tu, kama mtu aliyemaliza zamu. Lakini kuanzia hapo hakuna aliyemwona tena Usenge.

"Ulipatana bei na yule mama?" Atieno aliniuliza baadaye. "Sisi hata chumvi tukinunua kwake, tunalipa anachosema."

"Na hamkuweza kuniambia?"

"Ungesikia saa ngapi? Ulifika ukiongea."

Nililala kwa Otieno, yaani nilikaa mlangoni kwake mpaka kulipokucha. Mitumbwi yote ilirudi. Yeye alitoka majini akiwa amebeba wavu begani, akaniona, akaushusha. Otieno ni mtu wa mzaha. Asubuhi ile hakuwa na mzaha.

"Taa yenu ilizimika?" nikamuuliza.

"Dada, ingezimika tungekuwa gizani. Giza nalijua, nimezaliwa nalo. Hatukuwa gizani. Hatukuwepo. Nilikuwa nashika kamba, halafu hakukuwa na kamba wala mkono. Halafu taa ikawaka na kamba iko mkononi, na omena wamejaa wavuni kama hakuna kilichotokea." Akauangalia mkono wake, akaugeuza. "Usimwambie mama."

Sijamwambia. Nakwambia wewe.

Hiyo gemu iko kwangu sasa. Sikuiweka kwenye kabati pamoja na zingine, nimeifunga ndani ya kitambaa chumbani. Mwezi ukipotea, jua likizama, nakifungua kitambaa na vitone vinaanza kujitokeza, kimoja, vitatu, kisha kioo chote. Vingine viko upande wa Usenge. Vingine nadhani ni vya kwetu huku. Idadi hubadilika kila usiku, kulingana na wangapi wametoka. Navihesabu, narudia, na usingizi hauji mpaka alfajiri vinapozimika kwa amani, kimoja kimoja, watu wakirudi nchi kavu. Sitakudanganya kwamba ni mzigo tu. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama hicho. Kuna usiku nakitazama mpaka nasahau kupika.

Lakini habari zimesambaa. Wakusanyaji wana masikio, na mtu amewaambia nina gemu ya kizazi cha kwanza inayowaka bila betri. Wanakuja kibandani. Juma lililopita mmoja, mtu wa ofisi, mpole kabisa, alinifuata mpaka mlangoni nyumbani, akaanza: "Mama, mimi niko tayari kukupa elfu..." Nilimziba mdomo kwa kiganja changu. Mtu mzima, na tai shingoni! Aliondoka akidhani nimerukwa na akili. Nilikimbia chumbani nikafungua kitambaa. Vitone vilikuwa vinatetemeka, lakini vilikuwepo vyote.

Kwa hiyo nakuonya. Ukiwa kando ya ziwa hili jioni isiyo na mwezi, na mtu akakutajia bei ya kitu ukaona ni ya ajabu, lipa au ondoka. Usiseme "punguza". Hilo ndilo neno la kwanza tunalojifunza sokoni, najua. Limeze.

Na mimi nisaidie. Nina presha, sizidi kuwa kijana, na kitu hiki lazima kiende kwa mtu mwingine kabla sijaondoka. Nikikiuza, mnunuzi ataomba punguzo, maana tangu nifungue kibanda sijapata mtu Kisumu aliyelipa bei ya kwanza. Nikisema sitaki pesa, nimgawie mtu bure, nimefikiria hilo pia. Bure ni bei gani? Bure ni taa ngapi?

Kama unajua la kufanya, niambie. Bei usiitaje.