Sentensi Nne za Angélique

Angélique Nabintu ana miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Uvira, Kongo, na hamwamini mtu yeyote anayemwomba atie sahihi. Tunapanga nyumba moja hapa Kingsbury, London. Mtu wa mita ya umeme akigonga mlango, Angélique atamhoji kizingitini hadi mwenyewe ajute kuja. Mimi humcheka. Kwa habari ya mzee Pelling sikucheka.

Kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Kila asubuhi alikwenda Wembley kwa huyo Pelling, Mwingereza wa miaka tisini na minane, kumwogesha, kumpa uji na dawa, kisha kuandika kwenye daftari la kampuni. Aliandika sentensi nne: "Nimefika saa mbili kamili. Amekula uji. Amemeza dawa. Hana malalamiko." Kesho yake hizo hizo. Miezi mitatu, bila nukta kusogea. Na saa mbili ilikuwa saa mbili kweli, maana akiwahi alisimama kituo cha basi ng'ambo ya barabara, macho kwenye saa, hata mvua ikimnyeshea.

Mzee alikuwa akimwona dirishani, na roho yake haikutulia. Akampigia simu Ushma, mwenye kampuni: huyu mwanamke anapeleleza nyumba yangu, ripoti zake ni za kubuni, na hizo dawa sijui kama ni zenyewe. Shtaka la dawa si mchezo. Likithibitika, jina lako limeharibika, na hakuna atakayekupa mzee wa kumtunza London nzima.

Ushma, Mhindi wa Kisumu, alifika nyumbani kwa mzee Jumanne asubuhi.

"Angélique, dada yangu, nisaidie. Hii log yako yote ni photocopy?"

"Ni ukweli, Mama Ushma. Mi sikudanganyaka hata siku moja."

"Kiingereza, tafadhali," mzee akakatiza. Alidhani wanapanga njama.

Kisha akaeleza kwa nini ana uhakika. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, alikuwa karani wa miaka kumi na tisa katika ofisi ya Waingereza iliyosimamia mabaki ya jeshi la majini la Wajerumani, kwenye bandari moja hukohuko Ujerumani. Mabaharia walioshindwa waliachwa kazini, chini ya maofisa wao wenyewe, waondoe mabomu yaliyotegwa baharini. Kila jioni kila nahodha alileta fomu ya kazi ya siku hiyo. Za nahodha mmoja zilifanana neno kwa neno mwezi mzima. Pelling akazipeleka kwa mkubwa wake, na nahodha akafungwa.

"Anayefanya kazi kweli haandiki sawa kila siku," alisema.

Mimi ningekuwapo ningemjibu kwa matusi mawili ya kwetu Tanga. Angélique alisimama tu na koti lake mwilini.

"Nilipoomba hifadhi ya ukimbizi nilihojiwa mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza nilisema askari walikuja jioni. Ya pili nikasema giza lilikuwa linaingia. Wakaandika kwamba nabadilisha maneno. Nikangoja miaka minne, watoto wangu wako Uvira. Nikibadilisha neno, mimi mwongo. Nisipobadilisha, bado mwongo. Sasa niambieni niandike nini."

Ushma akainamisha kichwa.

"Yule nahodha alisema kitu kama hicho," mzee akasema. "Kiingereza chake kilikuwa kibovu, aliogopa kukosea. Siku ya kwanza fomu yake ilikubaliwa, basi akawa anainakili. Aliniambia mimi. Sikuandika popote."

"Kwa nini?" Ushma akauliza.

"Nilidhani ni ujanja. Baadaye njia za bahari alizosafisha zilikaguliwa. Hazikuwa na bomu hata moja."

Akamwomba Ushma karatasi aliyoandikia malalamiko yale ya simu, akaikata kwa mstari, akatia sahihi. Angélique akaipiga picha kwa simu kabla Ushma hajaitia mkobani.

"Nisamehe," mzee akasema.

"Unaniomba mimi, au yule nahodha?"

Mzee alifikiri. Akasema hajui.

Angélique akavua koti, akaenda kuchemsha uji. Aliniambia kwamba katika miezi yote ile, hilo la kutojua ndilo neno la kwanza la mzee aliloliamini.